Vokswagen ya Baba Rahab

Bati la kwanza liliteleza kutoka juu ya Vokswagen kwenye mteremko wa kuingia Kianda. Wakarima, aliyekuwa akikimbia nyuma ya gari kwa miguu, alilidaka kwa viganja vyote viwili. La pili lilimpita. La tatu lilimchania leso, likatua mtaroni kwa kelele ya kuamsha mtaa.

Mumewe, Ephantus, alisimamisha gari. Alishuka, akalizunguka lote polepole, akiinama hapa na pale. Ndipo akamtazama mkewe.

"Rangi haijaguswa, Mama Rahab," alisema.

Wakarima aliinama mtaroni kuvuta bati.

Walikuwa na duka la hadwea pale Kawangware 56, na mwaka ule wa sabini na sita kila mwenye ploti alikuwa akijenga. Misumari na bawaba ziliingia vizuri kwenye buti ya mbele. Lakini mbao, mabomba na mabati yalipanda juu, yakafungwa kwa vipande vya blada za matairi makuukuu, naye Wakarima akafuata nyuma kama mchunga mbuzi. Gari halikuwa bovu. Liliwaka kila asubuhi bila kubembelezwa. Ila hata ng'ombe mzuri wa maziwa humfungi jembe la kulima.

Kaka yake Wakarima, Githinji, alikuwa na pikapu aina ya Datsun. Siku ya Pasaka alikuja nayo hadi mlangoni, akasema yeye sasa anaingia kwenye malori, basi wabadilishane, na tofauti ya bei wamalizane polepole kama watu wa nyumba moja. Halafu, kwa kuwa mashindano ya magari ya Safari yalikuwa yakitangazwa redioni, akachokoza kidogo. Aliuliza kobe huyo wataachana naye lini.

Ephantus alimgeukia mkewe, akatabasamu kidogo.

Wakarima alidhani analijua tabasamu lile. Lilikuwa la mtu aliyetukaniwa mtoto. Akasimama. Alimwambia kaka yake kwamba Vokswagen haichemki kwa sababu hainywi maji, kwamba ilishinda Safari kabla Uhuru haujaja, na kwamba asiyeitaka gari ya Ephantus basi hamtaki Ephantus mwenyewe. Githinji aliacha chai nusu kikombe. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumbani kwao.

Na katika yote aliyoyasema, Wakarima hakuamini hata moja.

Alikuwa ameyasema kanisani, kwenye mashine ya kusaga mahindi, na mbele ya wapangaji wa vyumba vyao, mpaka yakamkaa mdomoni kama Baba Yetu. Akibaki peke yake dukani, alilitukana gari lile kwa Kikuyu, taratibu, bila kuruka hata kipande chake kimoja. Mara ngapi alikuwa ameazimia kumwambia Ephantus waliuze? Lakini kila Jumamosi alimkuta uani amekunja suruali, analisugua kwa sabuni ya kufulia, anapangusa taa kwa fulana yake kuukuu. Waume wa wenzake walikuwa na pombe, wengine walikuwa na wanawake. Wake alikuwa na Vokswagen. Angemnyang'anya vipi kitu hicho kimoja?

Walifika Kianda mabati mawili yakiwa yamekunjika pembe. Lazarus, fundi aliyekuwa akiezeka kanisa pale, hakugomba. Alipitisha kidole kwenye mkunjo, akasema waumini wamengoja paa hili tangu mvua za mwaka jana. Yaliyobaki, mabati na milango na saruji, atatafuta kwa mtu mwenye pikapu.

Wakarima alimwambia kosa si la gari. Gari hiyo imebeba mabati miaka mingi. Ni blada tu iliyokatika.

"Ndiyo, mama," alisema Lazarus kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomuuma.

Walirudi, safari hii Wakarima akiwa ndani ya gari. Kazi ya kanisa ndiyo waliyokuwa wakiitegemea ili duka lisifungwe. Ephantus aliegesha mbele ya duka, akazima injini, lakini hakushuka. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya hadwea ya mshindani wao, Waithaka, vijana walikuwa wakipakia saruji kwenye pikapu. Wakarima aliitazama mara moja, kisha mara ya pili. Ilikuwa ile ya Githinji.

Ephantus alimwambia kwamba Githinji alikuja dukani jana, wakati Wakarima yuko kwenye mashine ya kusaga. Shemeji huyo aliweka kiburi kando, akauliza kwa mara ya mwisho kama watabadilishana.

"Nilimkatalia," alisema Ephantus. "Leo asubuhi amempa Waithaka."

Wakarima alihisi macho yakimwasha. Aligeukia dirishani hadi yakatulia. Kisha, kwa kuwa jambo lilikwisha kuharibika na mwanamume aliyeketi kando yake alionekana amezeeka ghafla, aliweka mkono begani kwake.

"Ulifanya vizuri, Baba Rahab," alisema. "Vokswagen ni Vokswagen."

Ephantus alitikisa kichwa polepole, bado anatazama ile pikapu.

"Ingekuwa ni mimi peke yangu, ningekubali tangu Pasaka," alisema. "Hii gari sijawahi kuipenda hata siku moja. Lakini vile wewe unaipigania, ningeanzia wapi kukwambia?"