Kibanio Kilichoachia

Tangu asubuhi kaka mtu alikuwa akipima uimara wa uzio kwa nyundo, roho inamuuma. Bosi alikuwa amemsifu mdogo wake mbele ya karakana nzima: "Dogo ana mkono wa dhahabu!" Kwani nani alimfundisha huyo dogo kuchomelea?

Kila mahali waya zilipokutana palikuwa na kibanio kimoja kilichochomelewa. Alivigonga vyote, vikalia ngo, ngo. Kisha, kwenye safu ya mdogo wake, kimoja kikaachia, kikamwangukia miguuni.

"Bosi!" aliita kwa sauti tamu kama asali. "Njoo uuone huo mkono wa dhahabu!"

Bosi akaja, mafundi nyuma yake. Kaka mtu akakiokota kibanio na kukiinua. Hapo ndipo alipouona mkia wa weldi, alama ya mkono unapomaliza kuchomelea: umelalia kushoto. Karakana nzima ilikuwa na mashoto mmoja tu, yeye mwenyewe. Jana alimsukuma dogo kando, ati amwonyeshe kazi inavyofanywa, akakichomelea hiki yeye.

Dogo naye aliuona mkia ule.

"Ni changu, bosi," alisema. "Nisamehe."

"Lete nikione," bosi akanyoosha mkono.

Kaka mtu akakifumba kibanio kiganjani. Wivu wa asubuhi ulikuwa cha mtoto. Sasa ndipo alipomchukia dogo kweli.