Sumaku Iliyogeuzwa

Tangu apigwe na kiharusi, Mshamu alikuwa na jambo moja tu la kumpa raha: kutengeneza vindege vyake vya rimoti. Alasiri hiyo sumaku moja ilibanduka ndani ya mota ya kindege kimoja, naye akairudisha kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima.

Mkewe, Tatu, alikuwa kando akimtazama. Aliona sumaku ile ikisukumana na sumaku za jirani, ikitaka kuchomoka. Mshamu akaikandamiza kwa kidole, akadondoshea gundi.

"Umeigeuza, baba Riziki," Tatu alisema taratibu.

"Utanifundisha wewe?"

Gundi ilipokauka akaunganisha betri. Mota ikatetemeka, ikanguruma, isizunguke. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Mdomo wake uliopinda ukaanza kucheza, na Tatu akajua kwamba analia au yuko karibu kulia.

"Nani aliigusa hii?" Mshamu aliuliza.

"Mimi," alisema Tatu. "Asubuhi, nilipokuwa nafuta vumbi."

"Nilijua. Kila unachoshika wewe kinaharibika."

Tatu akamwangalia machoni, akitafuta hata dalili ndogo kwamba anaujua ukweli na anamshukuru. Hakuiona. Mshamu alikuwa ameamini.

Jioni, Tatu akiwa jikoni, alisikia kishindo sebuleni. Mshamu alikuwa anaiburuta meza yake peke yake, pamoja na mguu wake mzito, kuelekea chumba chenye kufuli, ambako mkewe asingeweza kugusa kitu tena. Tatu akasimama mlangoni, asijue kama aende kumshikia upande wa pili.