Jino la Shaba

Lawai alipopangusa kinyesi cha popo kwenye fuvu alilolifukua pangoni, aliona jino la mbele lenye kipini cha shaba kilichokaa upande.

Kipini kile alikipigilia mwenyewe, zamani alipokuwa akijifunza kupamba meno. Siku hiyo mdogo wake alijitazama kwenye maji ya mto, akacheka. "Kaka, umenipa jino lenye makengeza."

Miaka saba iliyopita mdogo wake huyo alitoka kutafuta viota vya mbayuwayu vya kuuza mapangoni. Hakurudi.

Mzungu aliyewaajiri Lawai na wenzake kuchimba mifupa ya watu wa kale alisogeza taa. "Huyu wa zamani sana. Mlete tumfungashe, meli inaondoka kesho."

"Si wa zamani, Bwana. Ni mdogo wangu."

Mzungu alitabasamu. "Kwenu kila fuvu ni ndugu."

Lawai alivua kilemba chake, akalifunga fuvu taratibu, akapita katikati ya wachimbaji wenzake waliokuwa wameacha majembe. Njia nzima alitafuta maneno ya kumwambia mama yake, ambaye asubuhi ile pia alikuwa amempakulia wali mwanawe aliyepotea.