Gari la Jumanne na Ijumaa

Jumanne na Ijumaa gari liliwaka ufunguo ukizungushwa mara moja tu. Siku nyingine zote liligoma, likakohoa, likatoa moshi mweupe mpaka majirani wa ghorofa ya chini wakafunga madirisha.

Mwalimu alikuwa ameyaandika hayo yote kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu, kama fundi alivyomwagiza: siku, hali ya baridi, na mara ngapi amezungusha ufunguo. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya fundi. Gari la dizeli, alisema, hudanganya likimwona fundi, lakini kwenye daftari halina ujanja.

"Wiki nne, fundi," mwalimu alisema Alhamisi hiyo, akilitupa daftari juu ya benchi la gereji. "Nimechelewa shule mara kumi na mbili. Wewe mwenyewe uliniambia nilale usingizi, limepona. Nikakuamini. Umeniangusha."

Fundi alilifungua daftari, akalifunga. Chujio la dizeli alikuwa amelibadilisha. Betri ilikuwa mpya. Hita plagi zote nne, zile zinazoipasha injini joto kabla haijawaka, alizifunga mpya kwa mkono wake. Na nusu ya wateja wake walikuwa walimu wa shule ileile. Huyu akiondoka na kinyongo, chumba cha walimu kizima kingejua kwamba fundi ameishiwa, na jina lake ndilo lililokuwa likimlisha.

Alimmiminia chai, angalau hasira zipoe.

Mwalimu aliitazama ile chupa ya chai akacheka bila kupenda. "Fundi! Hata mpini wa chupa umeufunga kwa klipu ya bomba la dizeli?"

"Ulivunjika. Mke wangu anasema nikizidi kuzeeka nitamfunga klipu na yeye."

Fundi alilifungua daftari tena. Jumanne, baridi kali, mara moja. Jumatano, baridi kali, mara tisa. Ijumaa, baridi kali, mara moja, moshi hakuna. Alihisi kama gari linamcheka.

"Ubovu hausomi kalenda," alisema polepole. "Kesho nakuja kwako saa kumi na mbili na nusu, kabla hujaligusa. Nisipoujua ugonjwa wake, navua ovaroli hii mbele yako."

"Nitakukumbusha," mwalimu alisema.

Ijumaa fundi aliondoka nyumbani bila chai. Mkewe alikuwa na zamu ya alfajiri kwenye kiwanda cha mikate, na siku za zamu hiyo huondoka na chupa ya chai. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio.

Magari ya wakazi yalikuwa yamepangwa nyuma ya maghorofa, vioo vyote vimefunikwa na umande. Kioo cha gari la mwalimu kilikuwa kikavu. Fundi aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa, akakirudisha tena.

Ilikuwa na joto.

Mwalimu alishuka na ufunguo, nywele bado mbichi. Fundi aliupokea lakini hakuingia ndani ya gari.

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Mume wangu tu, na yeye siku hizi ni mtu wa miguu." Mwalimu alicheka. "Jumanne na Ijumaa anaamka alfajiri kwenda kukimbia. Miezi mitatu sasa, na kitambi kiko palepale! Sasa hivi yuko bafuni, anajimwagia maji."

"Na gari hamlisikii usiku?"

"Sisi tuko ghorofa ya nne, upande wa pili. Hata likiibwa tutaambiwa na majirani. Kwani kuna nini?"

"Niletee lile daftari," fundi alisema. "Nataka kulisoma mara ya mwisho."

Alimtazama akipanda ngazi kwa haraka. Sasa alijua kila kitu. Siku mbili hizo gari liliwaka kirahisi kwa sababu lilikuwa limetoka safari. Siku zile nyingine ndizo zilikuwa za kweli, na ugonjwa wake ulikuwa wa kawaida: pistoni zimechoka kubana. Kazi ya siku mbili, na jina lake limepona.

Lakini angelisafisha jina lake kwa kuichafua nyumba ya mwenzake. Fundi alimkasirikia mwanamume ambaye hakuwahi kumwona. Mke anagandia hapa kwenye baridi akizungusha ufunguo mara tisa, mume analipasha gari moto akimfuata mwanamke mwingine, kisha anarudi kuoga kama mtu mwema! Aliapa moyoni kwamba hatamficha mwalimu. Yeye, angetendewa hivyo, angependa aambiwe.

Alifungua mlango wa abiria, akaketi ayapange maneno. Juu, kwenye ngazi, viatu vya mwalimu vilikuwa vimeanza kushuka.

Kisigino chake kiligonga kitu chini ya kiti. Alikivuta. Ilikuwa chupa ya chai, bado nzito, na mpini wake ulikuwa umefungwa kwa klipu ya bomba la dizeli.