Siku Kompyuta Itakapokataa

Saa mbili kasoro robo asubuhi, tarehe moja Septemba, Fahima aliwasha kompyuta ya duka huku akiiombea kifo.

Ilikuwa kompyuta kuukuu, sanduku lake limegeuka rangi ya chai ya maziwa, na ndiyo iliyomfunga. Ami Salim, nduguye marehemu baba yake, aliuza spea za malori hapa Makindu. Spea elfu sita zilikuwa ndani ya programu moja ngumu, na namba zake zilikuwa kichwani mwa Fahima peke yake. Kijana mmoja, Gedion, aliletwa ajifunze. Siku ya tatu aliaga kabla ya chai ya saa nne.

Mwaka jana Fahima alipata nafasi ya kusomea uuguzi Kitui, na Ami akamzuia. Baada ya machozi mengi, mzee aliapa mbele ya Mama.

"Siku hiyo kitu itakataa kabisa, nitanunua kompyuta mpya na programu rahisi. Hapo uende. Lakini siwezi tupa kitu inafanya kazi."

Januari, wenye programu walituma ujumbe: kuanzia tarehe moja Septemba haitafunguka tena kwenye kompyuta za muundo wa zamani. Fahima alikimbia nyumbani na habari hiyo. Mama alimwambia aisome mara mbili.

"Na mpya je?"

"Mpya ziko sawa, Mama. Lakini hii yetu imekwisha."

Mama alimkumbatia kwa muda mrefu.

Fahima aliomba nafasi tena, akapata. Mwisho wa kuripoti ulikuwa Ijumaa hii. Sanduku la nguo lilikuwa tayari, ingawa sare alishonewa mjini, maana cherehani ya Mama ilikuwa bado kwa fundi tangu ile wiki Fahima alipotumwa Kambu kumuuguza shangazi. Alipofika alimkuta shangazi mwenyewe mzima, akikanda chapati.

Kioo kiliwaka. Tarehe ilikuwa sahihi. Zamani stima ikipotea kompyuta ilisahau tarehe, na Fahima aliiandika upya kila asubuhi. Sasa ilikuwa miezi haijasahau, akadhani stima ya Makindu imepata adabu.

Alibonyeza programu, akafumba macho.

Ikafunguka.

"Imekubali?" Ami aliuliza kutoka kaunta.

"Imekubali, Ami."

"Si nilikuambia? Vitu vya zamani vilitengenezwa na watu." Akarudi kwa mteja wake.

Fahima alikaa akiitazama ile orodha ya fani belti na fileta. Miaka mingine mingapi? Alijiona akizeekea kwenye kiti kile kile.

Simu ililia. Alikuwa Mama.

"Pole, mwanangu," alisema, kabla Fahima hajafungua mdomo. "Mungu ana mipango yake. Mchana nitakuletea pilau."

Alipokata simu, Fahima alimwita Muli, fundi wa kompyuta wa ng'ambo ya barabara. Muli alikuja na bisibisi mfukoni.

"Imekataa?"

"Imekubali. Hiyo ndiyo shida. Leo ilipaswa kukataa."

Muli alicheka. "Sasa ikatae kwa nini? Ya zamani hapo ni sanduku tu. Ndani niliweka mpya mwezi wa pili, ukiwa Kambu. Kwani hukuambiwa?"

Fahima aligeuka polepole, akamtazama Ami akihesabu nati kwenye kaunta. Alikuwa hajawahi kumchukia mtu namna ile.

"Kwa hivyo kiapo chake kilikuwa cha uongo," alinong'ona.

"Mzee? Mzee hata hajui. Nilifanya Ijumaa akiwa msikitini." Muli alirudisha bisibisi mfukoni. "Ni mama yako alinipangia. Alisema ni zawadi yako, usisumbuke na kazi. Na umwambie kwamba mke wangu anashukuru sana kwa ile cherehani aliyonilipa nayo."