Dirisha la Bwana Rudia

"Imecheza hii. Sura haionekani. Rudia."

Picha ya tisa asubuhi hiyo ilirushwa nje ya dirisha la vitambulisho, ikamwangukia mpiga picha miguuni. Aliyeirusha watu walimbatiza Bwana Rudia, na jina lilimkaa vizuri kuliko lile koti lake. Kila picha aliisogeza mpaka puani, akaikunjia uso, akaitupa. Fomu alisomewa na karani wa pembeni. Eti mkubwa hasomi, anasikiliza. Miwani, alisema, ni ya vikongwe.

Mpiga picha hakuwa mwanafunzi. Miaka kumi na minne studio yake ilitazamana na ofisi hiyo. Sasa wateja walipita mlangoni kwake bila hata salamu, kwa sababu picha zake "hazipiti". Leo akikataliwa zote, anafunga.

"Mkubwa, kamera niliiweka kwenye tripodi," alisema. "Taa mbili. Lenzi nimeifuta. Kila mtu nimemwambia abane pumzi."

"Basi ni mikono yako inatetemeka. Acha pombe."

Foleni ilicheka kidogo, kicheko cha watu wanaohitaji muhuri.

"Tatizo lenu ni ujuaji," Bwana Rudia aliendelea. "Kazi hamjui, midomo mnayo. Na wewe bibi wa benchi, tangu asubuhi umekaa tu. Hapa si sebuleni kwenu."

Bibi aliuweka sawa mtandio wake.

Mpiga picha alitoa bahasha mfukoni. "Imebaki hii moja. Nimeipiga jana, kwa uangalifu wangu wote. Iangalie vizuri, tafadhali."

Bwana Rudia aliishika kwa ncha za vidole. Akaisogeza puani, akaipeleka mbali, akairudisha puani. Karani wa pembeni aliichungulia, akaona mpaka kope moja moja. Mkubwa ni mkubwa, nani amwambie?

"Takataka," alisema Bwana Rudia. "Hii ni sura ya mtu au uji? Huyu hata mwanawe wa kumzaa hawezi kumtambua."

Bibi wa benchi aliinuka, akaja polepole mpaka dirishani.

"Kumbe," alisema, kwa sauti ambayo Bwana Rudia aliijua kabla hajajua kutembea. "Na mimi nilimbishia huyu fundi wa picha, nikamwambia mwanangu atanijua."