Bomba la Boksi la Besi

Kihiyo alitaka boksi la besi ndani ya gari lake livume kama ngoma ya marehemu baba yake, iliyobaki kwenye kanda tu. Fundi Shebughe alishakata bomba la kutolea mvumo la boksi hilo mara nne. Kila likifupishwa mlio ulipanda, na kilichokatwa hakirudi.

“Bado, fundi.”

“Kwani baba yako alipiga ngoma au radi?”

Fundi akalikata tena bomba, kipande chembamba kama ukucha, akaiwasha kanda. Kuku wa jirani wakataga bila kupenda, sufuria za mtaa mzima zikaitikia.

Mama yake Kihiyo, aliyezoea kumpashia marehemu mumewe ngoma motoni ili ngozi ikaze, akatoka na kigae cha makaa.

“Ngozi bado imelegea,” alisema, akilizunguka gari. “Moto niuweke wapi?”

Fundi aliutazama msumeno wake, kisha akamwonyesha mdomo wa bomba.